Mbona Vidole Hukunjamana Majini? Maswali Yenu Kuhusu Mwili

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka mitaa mbalimbali ya Nairobi zinauliza kuhusu vijimambo vya mwili ambavyo havimpeleki mtu hospitalini, lakini humwacha akijiuliza. Nimechagua nne, kwa sababu zote zinatufikisha kwenye mishipa ya fahamu, yaani neva, ambayo waandishi wa barua hizo hawakuitaja hata mara moja.

Swali: Mimi hufua nguo za watu hapa Kayole. Nikishakaa na beseni kwa muda, ncha za vidole hukunjamana na kupauka, ilhali mgongo wa mkono hubaki ulivyo. Jirani yangu anasema ni ngozi inayonywa maji. Je, ni kweli, na kuna madhara?

Jibu: Maelezo ya jirani yako ndiyo yaliyokubalika kwa muda mrefu, na yana ukweli fulani, kwani tabaka la juu la ngozi huvuta maji kidogo. Lakini kama hiyo ingekuwa sababu yote, kidole kilichokatika neva kingekunjamana sawa na vingine, na hakifanyi hivyo. Jambo hili lilielezwa mwaka wa 1936 na madaktari wa Uingereza, Thomas Lewis na George Pickering, walipoona kwamba sehemu za mkono ambazo neva yake imeumia hubaki laini hata zikiloweshwa.

Maji hupenya kwenye vitundu vya jasho, ambavyo vimejaa tele viganjani na kwenye ncha za vidole, yakabadilisha kiwango cha chumvi humo ndani. Neva zinazosimamia shughuli tusizoziamuru wenyewe, kama vile mapigo ya moyo na utokaji wa jasho, huitikia kwa kuibana mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi. Damu ikipungua, nyama ya ncha ya kidole husinyaa, na ngozi ya juu, ambayo upana wake haujapungua, haina budi kujikunja. Weupe unaouona unatokana kwa sehemu na upungufu huo wa damu. Mgongo wa mkono, wenye ngozi nyembamba na vinyweleo, haukunjamani kwa namna hiyo.

Mwaka wa 2013 watafiti wa Newcastle waliwapa watu gololi wazihamishe kutoka chombo kimoja hadi kingine, wakaona kwamba wenye vidole vilivyokunjamana walizihamisha upesi zaidi zilipokuwa zimelowa, wala hapakuwa na tofauti zilipokuwa kavu. Watafiti wa Ujerumani walirudia jaribio kama hilo mwaka uliofuata na hawakuiona faida hiyo. Kwa hiyo mjadala kuhusu manufaa ya mikunjo ungali wazi, ila kuhusu kazi ya neva hakuna tena shaka. Hata madaktari wameutumia ujuzi huu kuwapima watoto wadogo wasioweza kueleza wanavyohisi, kwa kuulowesha mkono uliojeruhiwa katika maji ya vuguvugu ya nyuzijoto 40 kwa takriban nusu saa na kuangalia ni vidole vipi vilivyobaki laini.

Mikunjo yenyewe haina madhara. Kinachokudhuru wewe ni sabuni, kwa kuwa huondoa mafuta ya ngozi hadi ikapasuka, basi jipake mafuta kila umalizapo kufua. Na ukiona vidole fulani haviingii mikunjo kama wenzake, tena vina ganzi, nenda ukapimwe.

Swali: Nikisafiri kwa matatu kutoka Rongai, hukaa nimekunja mguu kwa sababu ya nafasi ndogo. Tukifika mjini, mguu huwa umekufa ganzi, halafu huanza kuchomachoma kama sindano. Je, damu inakuwa imeganda?

Jibu: La, damu haijaganda. Pembeni mwa goti, upande wa nje, chini kidogo tu, neva hupita ikiuzunguka mfupa karibu kabisa na ngozi. Paguse hapo nawe utausikia uvimbe wa mfupa huo. Ukikunja mguu au kuuweka juu ya mwenzake, unaigandamiza neva hiyo pamoja na vijishipa vya damu vinavyoilisha, na ujumbe kati ya mguu na ubongo hukatika. Mgandamizo ukiondoka, neva huamka ikituma ujumbe usio na mpangilio, na ubongo huusoma kama sindano. Usikimbilie kushuka kabla hisia haijarudi, kwani unyayo unaweza kuburura ukakuangusha barabarani. Ganzi inayokuja bila sababu katika nyayo zote mbili inahitaji uchunguzi, hasa wa kisukari. Ile inayoushika ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, ni dharura ya kiharusi na haingoji kesho.

Swali: Kope la jicho langu la kulia limekuwa likicheza kwa siku kadhaa. Wenzangu kazini wananiambia nitarajie mgeni.

Jibu: Neva za msuli unaolizunguka jicho zimechokozwa, mara nyingi na uchovu, msongo wa mawazo, au chai na kahawa nyingi. Lala vya kutosha. Kope likijifunga lenyewe, au mchezo huo ukienea usoni, mwone daktari.

Swali: Mtoto wetu wa miezi miwili hupata kwikwi kila siku baada ya kunyonya. Nyanya yake humbandika kipande cha uzi kilicholoweshwa kwenye paji la uso, nami nampa kijiko cha maji. Nani kati yetu yuko sahihi?

Jibu: Kwikwi hutokea neva zinapoamuru kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kijikaze ghafla. Hewa huvutwa kwa nguvu, na papo hapo mlango wa sauti kooni hujifunga. Mfungo huo ndio mlio mnaousikia. Tumbo lililojaa maziwa huichokoza hali hiyo kwa urahisi, na mtoto huipata hata angali tumboni mwa mama. Kwa kawaida hukoma yenyewe baada ya dakika chache, ingawa Mmarekani mmoja wa Iowa, Charles Osborne, alikuwa nayo kuanzia 1922 hadi 1990. Kwa mtu yeyote, kwikwi inayopita saa 48 ipelekwe kwa daktari.

Uzi wa nyanya hauikomeshi kwikwi, lakini haumdhuru mtoto alimradi asiachwe nao peke yake akaumeza. Maji ndiyo ninayokuomba uyaache leo, kwa kuwa mtoto aliye chini ya miezi sita anastahili maziwa ya mama pekee. Mwinue wima begani, mpigepige mgongo taratibu hadi acheue, kisha muendelee kunyonyesha.