Mama amepiswa, na sasa ananiapiza: je, nimekosa radhi?

SWALI

Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mwanamke wa Mombasa, mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yangu ana miaka 79, na mwaka wa nne huu akili yake inapungua. Alianza kwa kusahau sufuria motoni, akaja akapotea njia ya nyumba aliyokaa miaka arubaini, na sasa kuna siku ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Ninayekaa naye ni mimi na wanangu wawili. Kaka zangu wawili wako Muscat, mmoja yuko Nairobi, na mdogo wetu wa kike ameolewa Lamu. Wanatuma pesa wakikumbuka.

Sheikh, mama ananiita mwizi. Bangili zake anazificha mwenyewe ndani ya foronya, akizikosa ni mimi nimeiba. Juzi aliinua mikono akasema, "Sikupi radhi yangu, duniani wala akhera." Tangu siku hiyo silali. Nami si malaika: nimempigia kelele mara nyingi, na siku moja nilimvuta mkono kwa nguvu mpaka akalia. Tena kila magharibi anauliza baba yuko wapi, na baba alifariki 2011. Tukimwambia amekufa, analia kama aliyepata habari leo, na baada ya nusu saa anauliza tena. Nimjibu nini nisiseme uongo? Swala na funga yake je? Usiku nafunga mlango kwa kufuli asitoke, majirani wanasema namfungia mama kama mbuzi. Wengine wanasema ana jini, apelekwe kwa mganga. Na kaka yangu mkubwa anataka atie dole gumba kwenye karatasi za shamba.

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu. Umeuliza mengi, lakini nimeona lililokunyima usingizi ni moja, la radhi, basi nitaanza nalo.

Mtume (S.A.W.) amesema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka akili imrudie. Hadithi hii wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo, na mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, wamejengea juu yake milango mingi ya fiqhi. Maana yake ni kwamba neno la mtu aliye katika hali hiyo haliandikwi. Akitoa talaka, haipiti. Akiuza, hakuna mauzo. Akitukana, hana dhambi. Basi na akimuapiza mwanawe kwa bangili alizozificha mwenyewe, kiapizo hicho kitaandikwa na kalamu ipi?

Radhi aliyokupa mama yako akiwa na akili zake, siku ulipomuuguza, siku aliposema "Mungu akuweke, mwanangu", hiyo ndiyo radhi yako, na haijafutwa. Kumtuhumu mtu wa karibu kuwa ni mwizi ni jambo linalojulikana sana katika ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu. Mgonjwa huweka kitu, husahau kwamba amekiweka, na akili iliyobaki inatafuta maelezo. Anayetuhumiwa mara nyingi ni yule aliye naye mchana na usiku. Kaka zako walioko Muscat hawajaitwa wezi kwa sababu hawapo. Lala, dada yangu.

Kwetu pwani tunasema mzee "amepiswa", na mara nyingi tunalisema huku tunacheka. Naomba tusicheke. Qur'ani imeitaja hali hii katika Suratun Nahl, aya ya 70, na tena katika Suratul Hajj, aya ya 5: wako miongoni mwetu wanaorudishwa kwenye umri dhalili kabisa, hata wasijue kitu baada ya kuwa walikuwa wanajua. Mtume mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu asirudishwe kwenye umri huo. Bukhari amepokea kwamba sahaba Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alikuwa akiwafundisha wanawe dua hiyo kama mwalimu anavyowafundisha watoto kuandika. Anayeuogopa hana upungufu wa imani, na aliyepatwa nao hakupatwa kwa kuwa alikuwa mbaya.

Sasa hasira zako. Unaijua aya ya Suratul Israi, ya 23, inayokataza kuwaambia wazazi hata "uff", neno la kuchoshwa. Watu wengi huishia hapo, wakabaki na hofu. Mimi nataka uiangalie aya yenyewe ilivyojengwa. Amri ya kutoabudu ila Yeye imekuja kwa wengi: msiabudu. Ilipofika kwenye uzee wa wazazi, maneno yamegeuka yakawa ya mtu mmoja: wakifikia uzee *kwako wewe*, *usiwaambie wewe* uff, *usiwakemee wewe*. Kila mtoto anasemeshwa peke yake, kama kwamba wazazi hawana mtoto mwingine. Kaka yako wa Nairobi hawezi kusema aya hii imemshukia dada yake kwa kuwa ndiye anayekaa na mama. Nitamrudia.

Kisha soma mbele kidogo, aya ya 25: "Mola wenu anajua zaidi yaliyomo nyoyoni mwenu, mkiwa wema, basi Yeye ni Mwenye kuwasamehe wanaorejea kwake." Watu huisoma kama aya iliyojitenga na ile ya uff. Lakini Said bin Jubayr, mwanafunzi wa sahaba Ibn Abbas, ameieleza kuwa inamhusu mtu anayeponyokwa na neno la haraka kwa mzazi wake, na moyoni hakukusudia ila kheri. Mola aliyekataza uff alijua kwamba itawatoka watu wema waliochoka, na baada ya aya moja tu amewafungulia mlango. Ule mkono uliouvuta ni kosa, sitakuambia si kosa. Tubu, na umwombe mama msamaha hata kama hataelewa. Muombe kwa sauti ya upole, mshike mkono ule ule. Maneno atayasahau, lakini wagonjwa hawa hubaki na hisia ya jambo baada ya jambo lenyewe kupotea, ikiwa ni hofu au ikiwa ni utulivu.

Lakini hasira ya mlezi mara nyingi ni usingizi usiopatikana. Mtu mmoja hawezi kumchunga mgonjwa wa namna hii saa ishirini na nne kwa miaka minne, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Basi lililo wajibu hapa ni kugawana. Kumtunza mzazi asiyejiweza ni faradhi juu ya watoto wake wote wenye uwezo, wa kiume na wa kike, na pesa inayotumwa "wakikumbuka" haijatimiza faradhi hiyo. Waite kwenye simu wote wanne kwa pamoja. Waambie kiasi kamili cha kila mwezi: nepi, dawa, chakula, na mshahara wa mtu wa kukusaidia usiku. Mdogo wako wa Lamu aje wiki mbili kila baada ya miezi kadhaa, ili nawe upumzike. Kaka zako wakija likizo, wasikae sebuleni kama wageni. Nao wamlishe, wakeshe naye. Na usione haya kudai. Unadai haki ya mama, na ukianguka wewe, mama ataangukia kwa nani?

Kuhusu swali la kila magharibi, nimelifikiri sana, kwani nyumbani kwetu lilituchosha pia. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo, na miaka yake ya mwisho alikuwa akimuulizia mama yake aliyekufa mimi sijazaliwa. Mwanzoni tulikuwa tukimsahihisha. Tulidhani ndio ukweli unavyotaka, na kila siku tulimfisha mama yake upya. Sheria haikulazimishi kumpa mgonjwa habari inayomtonesha kila jioni. Wanazuoni wameruhusu maneno yenye maana mbili, ukikusudia iliyo kweli, pakiwa na haja. Ummu Sulaym (R.A.), sahaba wa kike wa Mtume, alifiwa na mtoto mumewe Abu Talha akiwa hayupo, na aliporudi akauliza hali ya mtoto, alimjibu kwamba ametulia kuliko alivyokuwa. Hakusema uongo, na hakumvunja moyo saa ile. Nasi Kiswahili chetu kimeturahisishia. Mwambie: "Baba ametangulia, mama." Au: "Yuko kwa Mola wake." Kisha muulize yeye: "Hebu nihadithie, alikuposa vipi?" Mara nyingi anachotaka ni kumzungumza, na saa za jioni ndizo zinazowababaisha zaidi wagonjwa hawa. Washa taa mapema kabla giza halijaingia, punguza kelele za televisheni, kaa naye.

Swala yake: ikiwa akili imeondoka wakati wote wa swala, haimlazimu swala hiyo wala kuilipa. Zikimrudia fahamu, aswali anavyoweza, kwa kukaa au kwa kulala. Akisimama mwenyewe kuswali akachanganya rakaa, msimkatishe na watoto wasimcheke; kaa ubavuni mwake umtamkie. Tohara, yaani usafi wa ibada, ni kwa kadiri mnavyoweza, na nepi isiwe sababu ya kumvuruga kila saa. Wewe unayemsafisha huvunji udhu kwa kugusa najisi, unaosha palipoingia tu. Ila kwa madhehebu yetu ya Shafi kuigusa tupu kwa kiganja kunatengua, basi vaa glavu. Mtu asiyejua jina lake tena anaweza kubaki na sura alizozisoma utotoni. Baba yangu hakunijua miezi sita ya mwisho, lakini nikianza Alhamdu akiimaliza. Funga haimlazimu, na akiwa hana akili fidia pia haimlazimu. Fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku, ni ya mzee mwenye akili aliyeshindwa na mwili. Kama mmekwisha kuitoa, ni sadaka yenu, haikupotea.

Kufuli la usiku lisikusumbue. Mzee anayetoka saa nane za usiku anaweza kugongwa na gari au kutumbukia mtaroni, na kumlinda ni katika kumtendea wema, maadamu asifungiwe peke yake na ufunguo uwe karibu nawe pakizuka moto. Nataka uwajue watoto wa Jarir bin Hazim. Huyu alikuwa mpokezi mkubwa wa hadithi wa Basra, akafariki mwaka 170 Hijria, na kabla ya kufa kumbukumbu yake ilichanganyika. Wanawe, wenyewe watu wa hadithi, walipoona dalili tu waliwazuia watu wasije kusikiliza kwake, kwa hiyo hakuna aliyepokea kutoka kwake neno la siku za kuchanganyikiwa. Walimsitiri baba yao na elimu yake. Sitara ndiyo hiyo. Kumficha ndani kwa haya, asitembelewe, asipate jua wala jamaa, hilo ni jingine, na naona wewe hulifanyi. Majirani wanaosema, waambie mmoja wao aje akae naye Jumamosi asubuhi ukaenda sokoni.

Kwa mganga usimpeleke. Umsomee mwenyewe Ayatul Kursiyyu na Qul tatu, yaani sura tatu za mwisho za Qur'ani, uwekee mkono wako kichwani pake. Hiyo ni ruqya, na haina kupiga, kufukiza wala kufunga kamba. Mpeleke hospitali kwanza kama hujampeleka. Aina iliyo nyingi zaidi ni ile ya Alzheimer, aliyoieleza daktari wa Kijerumani mwaka 1906, na haijapata dawa ya kuiondoa. Lakini yapo mambo yanayofanana nayo yanayotibika: maambukizi ya njia ya mkojo kwa mzee, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, hata dawa zinazogongana. Akizidiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu, usiseme ni uzee, mkimbize. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 wenye maradhi haya ya kupoteza kumbukumbu. Haiwezekani wote wawe na majini. Na neno hili la jini na uchawi si la kuchezea. Kilifi, hapo jirani yenu, na Usukumani upande wa Tanzania, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mzee anayetangatanga usiku akisema peke yake ndiye wa kwanza kushukiwa.

Dole gumba: hapana. Mkataba wa asiye na akili ni batili, na atakayemshika mama kidole akakikandamiza kwenye wino anakula mali kwa dhulma. Wala shamba si mirathi, mama yuko hai. Likihitajika kuuzwa kwa matibabu yake, Suratul Baqara, aya ya 282, inataja mdhaifu asiyeweza kuandikisha, walii wake, yaani msimamizi wake, aandikishe kwa uadilifu. Basi muoneni wakili, na mshaurini Kadhi, msimamizi awekwe na mahakama, na hesabu ionwe na ndugu wote watano. Kaka yako akikasirika, mwambie ni mimi niliyekataa.

Bangili zitoe kwenye foronya, uzihifadhi mbele ya shahidi, na umnunulie za bei rahisi azifiche anavyotaka. Akizikosa usibishane naye, mwambie, "Haya mama, tuzitafute sote," mkaanzie kwenye mto.

Wallahu aalam.