Uso mweusi na macho ya buluu: si lazima paka hao wawe wa Siam

Umeuliza kama vitoto vya paka ulivyovichukua, vyenye uso mweusi na macho ya buluu, ni vya Siam, ule ukoo wa paka uliotoka Thailand. Hapana, uso na mkia mweusi kwenye mwili wa rangi ya maziwa havitoshi kusema vitoto hivyo vina damu ya Siam. Rangi ile inaletwa na jeni (chembe ya urithi) moja inayojificha: lazima irithiwe kwa mama na kwa baba ndipo ionekane, kwa hiyo inaweza kupita vizazi kadhaa ndani ya paka wa kawaida wa mtaani, kisha ikachomoza ghafla.

Jeni hiyo huruhusu weusi pale tu ngozi inapokuwa baridi. Ndiyo maana vitoto hivyo huzaliwa vyeupe pe, kwa kuwa tumboni mwa mama mna joto, halafu masikio, pua, miguu na mkia vikaanza kukolea baada ya muda. Nimelea mmoja wa hivyo, mama yake paka wa mistari tu. Daktari alimnyoa ubavuni ili amfunge kizazi, na manyoya yalipoota tena pale palipopigwa ubaridi yakatoka ya kahawia iliyoiva, kama kiraka. Yalirudi kuwa meupe alipobadilisha manyoya.

Macho usiyahukumu mapema, maana vitoto vyote vya paka huwa na macho ya buluu wiki za mwanzo. Kinachothibitisha ukoo ni hati za usajili za wazazi. Kipimo cha DNA kitakuonyesha jeni hiyo na wanafanana na ukoo gani, lakini kufanana si kuzaliwa humo.