Maswali ya Wasomaji: Ardhi Iliyo Mbele ya Antena

Barua tatu tulizozichagua safari hii zimetoka kwa wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani watu wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha, na zote zinahusu matumizi ya data za mwinuko wa ardhi katika kuamua mahali pa kusimamisha antena.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kiwanja changu kiko juu ya kilima. Kileleni pana tambarare yenye upana wa mita 600 hivi, kisha ardhi inateremka kwa takriban nyuzi 12 kuelekea upande ambao ningependa kuwasiliana na mabara ya mbali kwa megahezi 14. Antena yangu ni ya kulala, yaani imelazwa sambamba na ardhi, na mlingoti nilio nao ni wa mita 12 tu. Wenzangu wote wananishauri niusimamishe katikati ya kilele, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa juu kabisa. Nimekwisha kupakua data za mwinuko, lakini sijui nizitumieje kufikia uamuzi.

JIBU: Wenzako wana nia njema, ila wanaifikiria antena kana kwamba ni jicho la mtu anayetazama mbali. Katika megahezi 14, antena ya kulala hurusha mawimbi kwa njia mbili kwa wakati mmoja: yapo yanayokwenda moja kwa moja angani, na yapo yanayogonga kwanza ardhi iliyo mbele na kuakisiwa. Pale makundi hayo mawili yanapokutana yakiwa yamelingana, nguvu huongezeka. Yanapokutana yakipingana, hufutana. Kwa hiyo pembe ambayo mawimbi yako yatarukia haiamuliwi na mwinuko wa kilima juu ya usawa wa bahari, bali na kimo cha antena juu ya ile ardhi inayoakisi, pamoja na mwelekeo wa ardhi hiyo yenyewe.

Juu ya tambarare, hesabu yake ni nyepesi: saini (sine, ile ya trigonometria) ya pembe ya tawi kuu la mawimbi, yaani upande ambako nguvu ni kubwa zaidi, ni sawa na urefu wa wimbi ukigawanywa kwa kimo cha antena mara nne. Urefu wa wimbi katika megahezi 14.2 ni mita 21 na kidogo, hivyo mlingoti wako wa mita 12 utakupa nyuzi 26 hivi. Pembe hiyo yafaa kwa vituo visivyo mbali sana, lakini mawimbi ya mabara ya mbali kwa kawaida hufika chini ya nyuzi 15, na mara nyingi chini ya 10. Sasa tazama ni wapi mawimbi hayo ya chini yanapoakisiwa. Gawanya kimo cha antena kwa tanjenti ya pembe: kwa nyuzi 5 utapata mita 137. Ukiwa katikati ya kilele chako, ukingo uko mita 300 mbele, kwa hiyo wimbi hilo bado linaakisiwa na tambarare. Ni kweli kwamba kinachoakisi si nukta moja bali ni eneo refu la duaradufu, na ukingo ule hautakosa kuonekana kidogo katika matokeo. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa antena yako itafanya kazi kama iliyosimamishwa uwandani, na bonde lote lililo chini yako halitakuwa na faida unayoitarajia.

Ukisogea hadi mahali ambapo mteremko umekwisha kuanza, picha nzima huinama pamoja na ardhi. Zile nyuzi 26 sasa zinahesabiwa kutoka uso wa mteremko, na ukiondoa 12 unabaki na nyuzi 14 juu ya upeo wa macho. Uwandani, pembe hiyo ingekudai mlingoti wa karibu mita 22. Kuna gharama, bila shaka: ukigeukia upande wa kilele, ardhi inapanda mbele ya antena, tawi kuu linanyanyuliwa na mawimbi ya chini yanazibwa. Kwa hiyo amua kwanza ni upande gani ulio muhimu kwako, na upime mwelekeo wake kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, si kwa mstari ulionyooka kwenye ramani bapa, kwa sababu njia hizo mbili zinaweza kutofautiana kwa makumi ya nyuzi.

Hapo ndipo data zinapoingia. Chora mkato wa ardhi, yaani mchoro wa mwinuko kwa kila umbali, kuanzia chini ya mlingoti hadi kilomita 4 au 5 kwa mwelekeo huo, kisha rudia kwa mielekeo ya jirani, nyuzi 5 huku na nyuzi 5 kule, kwa kila mahali unapofikiria kujenga. Programu ya HFTA hupokea faili ya umbali na mwinuko na kukokotoa nguvu za mawimbi kwa kila pembe, ikizingatia mawimbi yanayoakisiwa na yanayopinda kwenye kingo za milima. Kumbuka kwamba hukokotoa mkato mmoja tu, kana kwamba ardhi ya kushoto na kulia haipo, na kwamba imekusudiwa antena za kulala. Usisahau kebo inayounganisha redio na antena, itakayorefuka ukisogea: mita 100 za kebo ya aina ya RG-213 katika megahezi 14 hula takriban desibeli 2 na nusu (desibeli ni kipimo cha kuongezeka au kupungua kwa nguvu), kiasi kinachoweza kumeza sehemu nzuri ya faida ya kusogea. Kwa hali uliyoieleza, mimi ningesogea.

SWALI: Nimelinganisha vyanzo viwili vya data kwa kiwanja kimoja, vikatofautiana kwa mita 11. Kifaa changu cha GPS nacho kimetoa jibu la tatu. Niamini kipi?

JIBU: Tofauti ya mita 11 katika mwinuko wenyewe isikunyime usingizi. Kila chanzo huhesabu kutoka uso wake wa rejea, na kifaa cha GPS kinachotoa kimo juu ya umbo la kihisabati la dunia kinaweza kuachana na usawa wa bahari kwa makumi ya mita bila kukosea. Antena haijui iko mita ngapi juu ya bahari. Inachokijua ni tofauti kati ya mguu wake na ardhi iliyo mbele, na tofauti hiyo ndiyo unayopaswa kuihofia.

Data za SRTM, ambazo ndizo zinazotumiwa na wengi, zilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari mwaka 2000, kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini. Rada ile haikufika chini kabisa penye miti mingi, na mapaa ya nyumba yalihesabiwa kuwa ni ardhi. Data za Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuitazama dunia, zilizotokana na setilaiti za TanDEM-X ni za karibuni zaidi na zinafika hadi maeneo ya ncha za dunia, lakini nazo hupima uso wa juu, miti ikiwamo. Niliwahi kukaa jioni nzima nikitafuta namna ya kukiepuka kilima kimoja kilichojitokeza kwenye mkato wangu, na kesho yake nilipokwenda kwa miguu nikakuta ni shamba la miti.

Hatari kubwa zaidi iko karibu na mlingoti. Nukta za data zimeachana kwa mita 30 hivi. Nukta mbili zilizoachana kwa mita 60 zikikosewa kwa mita 5 tu baina yake, programu itaona mteremko wa karibu nyuzi 5 ambao haupo, nayo itauchukua kuwa kioo halisi na kukuchorea matokeo ya kupendeza. Kwa hiyo mita 200 au 300 za mwanzo zipime mwenyewe kwa kamba na kipimapembe, uziandike kwenye faili badala ya zile za setilaiti, na data za setilaiti uziachie sehemu za mbali, ambako kosa la mita chache halibadilishi pembe.

SWALI: Mimi na rafiki yangu tumeachana kwa kilomita 50 na tunatumia megahezi 145. Mkato wa ardhi unaonyesha mstari wa moja kwa moja unapita mita 40 juu ya kilima cha katikati, lakini tunasikiana kwa shida. Je, data zimekosea?

JIBU: Huenda data ziko sawa, ila mchoro wako umeichora dunia kama meza. Katikati ya njia ya kilomita 50, mviringo wa dunia huinuka takriban mita 37 hata baada ya kuhesabu kupinda kwa mawimbi katika hewa ya kawaida, hivyo zile mita 40 zimebaki 3. Isitoshe, wimbi halisafiri kama uzi. Linahitaji nafasi kuuzunguka mstari huo, nayo huitwa ukanda wa Fresnel. Katika megahezi 145, nusu kipenyo cha ukanda huo katikati ya njia yenu ni mita 160 hivi, na inashauriwa asilimia 60 yake, yaani karibu mita 96, iwe wazi. Mstari unaokigusa kilele chembamba hupoteza desibeli 6, na kilima cha mviringo hupoteza zaidi.

Programu za Radio Mobile na SPLAT! hufanya hesabu hizi zote kwa data hizohizo za mwinuko. Kabla ya kununua mlingoti mrefu zaidi, jaribuni kwanza kuhamisha nukta ya kituo kimoja kwenye programu, mita mia moja upande wowote, mkiangalia kama mstari unapata pengo la pembeni mwa kilima. Mlingoti utakaoongezwa mita 5 hauwezi kufidia upungufu wa mita 90.