Ukipewa kodi (code) ya Java uichambue, angalia lupu inaita nini

Nawaandikia nyinyi mnaoanza atachimenti hapa Kisumu, na pia walioko Maseno na Kakamega mnaojiandaa na mtihani wa data strakcha (njia za kupanga data ndani ya programu), juu kuna mahali kila kundi jipya linakwama. Mtu amekariri jedwali yote, ArrayList iko hivi, HashMap iko vile, halafu ukimpa mistari kumi ya kodi anahesabu lupu (kodi inayojirudia) tu: lupu moja O(n), yaani kazi inakua sawa na idadi ya vitu n, lupu mbili O(n²), inakua kwa mraba wake, amemaliza. Hapana jamani. Kila metodi (amri yenye jina, kama contains) inayoitwa ndani ya lupu iulize inafanya kazi gani huko ndani.

Chukua faili ya malipo 100,000 ya chama, unataka kujua kuna nambari ngapi tofauti za simu. Mtu anaandika lupu moja na ndani yake anaweka if (!orodha.contains(nambari)) orodha.add(nambari). Kwa macho ni lupu moja, sindio? Lakini kama orodha ni ArrayList, contains inaanza mwanzo na kulinganisha moja moja mpaka ipate ama orodha iishe, kwa hivyo nambari zote zikiwa tofauti utalinganisha karibu mara bilioni 5, na hiyo ni O(n²) imejificha ndani ya neno moja. Weka HashSet hapo, kila nambari inaenda moja kwa moja kwa ndoo yake kufuatana na hashCode (namba ambayo Java inakokotoa kutoka kwa kitu chenyewe), kazi yote inashuka kuwa O(n) kwa wastani. Hiyo "kwa wastani" msiiache kwa mtihani, juu hashCode mbovu inaweza kurundika kila kitu kwa ndoo moja. Tangu Java 8 ya 2014 ndoo ikijaa sana inageuzwa kuwa mti, kwa hivyo kama funguo (vitu unavyotafuta kwa navyo) zinaweza kulinganishwa unarudi O(log n), yaani n ikiongezeka mara mbili hatua inaongezeka moja tu, na hilo linahusu HashSet pia maana ndani yake kuna HashMap.

LinkedList nayo inadanganya vivyo hivyo. get(i) haina njia ya mkato ya kufika katikati, inatembea kutoka upande ulio karibu, nodi kwa nodi, kwa hivyo lupu moja ya get(i) kwa LinkedList ni O(n²), na ukitumia for-each inakuwa O(n) bila kubadilisha kitu kingine. Pia s = s + neno ndani ya lupu: String ya Java haibadiliki, kila mzunguko inanakiliwa upya yote. Tumia StringBuilder.

Na kinyume chake kipo. Lupu mbili, moja ndani ya nyingine, zinaweza kuwa O(n) kama ile ya ndani ina indeksi inayosonga mbele tu bila kurudi nyuma, kwa sababu jumla ya hatua zake haizidi n hata ukizunguka vipi. Na lupu yenye j *= 2 ni log n, kwa milioni moja ni kama hatua 20 tu.

Sasa kutambua strakcha gani inafaa. Soma swali utafute kitendo kinachorudiwa zaidi. Ukiulizwa gari ya kwanza ya Busia kuanzia saa nane na kuendelea, hiyo ni TreeMap na ceilingKey, O(log n), HashMap haitakusaidia juu haijui mpangilio. Ukitaka kila mara yule mgonjwa aliye na hali mbaya zaidi, PriorityQueue, ila mkumbuke ukiichapisha hivi hivi haitoki imepangwa, ni poll peke yake inakupa kwa mpangilio. Aliyeingia mwisho kutoka kwanza, tumia ArrayDeque, ile Stack ni ya zamani.

Kama bado una shaka na jibu lako, pima. Endesha kodi na vitu 20,000, halafu 40,000. Muda ukiongezeka mara mbili unaelekea O(n), ukiongezeka mara nne ni O(n²). Rudia mara kadhaa kabla ya kuandika nambari za System.nanoTime, maana JVM (programu inayoendesha kodi ya Java) inaanza polepole mpaka ipashe moto, na vipimo vya kwanza kwanza vitakupoteza.