Jina la kuandika kwenye fomu

Newala

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku ni wazima, hofu ni juu yenu mlio mbali. Mama yako anakusalimu. Mikorosho imeanza kutoa maua, Mungu akijalia mwaka huu tutapata kitu.

Ujumbe wako nimeusoma. Kazini wamekupa fomu ya Kiingereza, kuna mstari umeandikwa "next of kin", kisha jina, uhusiano na namba ya simu. Mwenzako mmoja kakwambia huyo ndiye mrithi wako, mwingine kasema lazima awe mzazi. Unauliza maana yake ni nini, na umwandike nani kati ya mumeo, mimi na mjomba. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tungeishia kukatana maneno.

"Kin" ni watu wa ukoo, watu wa damu moja. "Next" hapa si ile ya "anayefuata" uliyosoma shuleni. Imebaki na maana yake ya kale: aliye karibu kuliko wengine. Fomu zetu za Kiswahili huandika "ndugu wa karibu", na hapo umeshapata sehemu kubwa ya maana. Haiongezwi herufi "s" mwishoni hata wakiwa watu kumi. Ukisikia kwenye taarifa ya ajali kwamba majina hayatatajwa mpaka "next of kin" wajulishwe, ni kwamba hawataki mke au mzazi wa marehemu ausikie msiba redioni. Lakini usilitumie kwa ndugu waliokuja kwenye ngoma ya mwali. Hao Mwingereza huwaita "relatives". Hili ni neno la hospitali, polisi, mahakama na ofisi ya ajira.

Sasa hilo la mrithi, na hapa nakuomba usome taratibu. Miaka yote niliyokaa ukarani wa mahakama ya mwanzo, ugomvi huu ulikuja mezani kwangu mara nyingi sana. Mtu anaingia na nakala ya fomu ya marehemu, jina lake limo kwenye mstari huo, basi anaamini fedha zote ni zake. Mjane analia pembeni. Wakati mwingine ni kinyume chake, mjane ndiye mwenye fomu na wazazi wa marehemu ndio wanaolia. Fomu ile haimpi mtu mali. Mtu akifariki, ukoo unakaa kikao, unapendekeza msimamizi wa mirathi, naye anakwenda mahakamani na cheti cha kifo. Mahakama ikimthibitisha ndipo benki humsikiliza. Na huyo msimamizi naye anakusanya mali, analipa madeni, halafu anagawa kwa wenye haki. Kwetu Waislamu mafungu yanajulikana: mume hupata nusu ya alichoacha mkewe kama marehemu hakuacha mtoto, na robo kama kaacha. Hata umwandike jirani kwenye fomu, mafungu hayo hayasogei. Ukikuta sehemu ya wategemezi kwenye karatasi za mfuko wa hifadhi ya jamii, hiyo ni habari nyingine na ina sheria zake. Usiijaze kwa kunakili mstari huu.

Ajabu ni kwamba huko lilikotoka neno lenyewe, zamani mume na mke hawakuhesabiwa humo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1670 ilisema mwanamume akifa bila wosia na bila watoto, nusu ya mali zake zisizo ardhi iende kwa mjane na nusu nyingine kwa "next of kin" wake. Yaani mjane alisimama upande mmoja, watu wa damu upande wa pili. Siku hizi katika matumizi ya kawaida mume au mke ndiye anayeandikwa kwanza, wala hakuna ofisi itakayokushangaa.

Kwa hiyo mwandike mumeo. Ndiye unayelala naye nyumba moja, ndiye anayejua dawa gani inakudhuru, na hospitali ikitaka mtu wa kuweka saini ndiye aliye karibu.

Najua kilichokufanya umtaje mjomba. Sisi Wamakonde tunahesabu ukoo kwa mama, na tangu enzi za mabibi mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto. Posa yako haikukamilika mpaka alipokuja yeye, na mimi baba yako nilikaa kimya nikasubiri, kwa sababu ndiyo heshima yake. Nami kwa watoto wa shangazi yako ni mjomba, naujua uzito huo kutoka ndani. Hauhitaji kuandikwa kwenye karatasi ya mwajiri ili uwepo. Fomu inatafuta mtu wa kupigiwa simu saa nane za usiku, akapokea na akafika. Mjomba yuko Kitangari, simu anaizima magharibi, na kutoka huko mpaka Dar es Salaam ni safari ya siku nzima. Likitokea jambo, sisi ndio tutakaompelekea habari.

Tatizo lipo kwa mumeo pia. Akiwa barabarani na lori lake kuelekea Tunduma kuna siku hapatikani kabisa. Kama fomu ina mstari wa pili, wa mtu wa kupigiwa wakati wa dharura, muweke dada yako wa Mbagala. Kwetu ni dada yako, mtoto wa mama yako mkubwa, hakuna anayemwita vingine. Ila kwenye nafasi ya uhusiano andika "cousin", usiandike "sister". Mkiulizwa majina ya wazazi na vitambulisho vikaonyesha baba tofauti, mtaanza kuulizwa maswali wakati ambao hakuna mwenye nguvu ya kuyajibu.

Sisi wazazi wako usituandike kwa kuona aibu kutuacha. Mama yako nimemsomea barua hii, kaikubali yote isipokuwa anataka namba yake iwe kwenye simu ya mumeo na ya dada yako, zote mbili.

Namba zote ziandike upya kwa kuziangalia, usitegemee kichwa. Ukihama au mumeo akibadilisha laini, rudi ofisini uombe wabadilishe, maana fomu hizi zikishaingia kwenye faili hakuna anayezigusa. Na dada yako mwambie leo hii kwamba umemwandika. Mjomba nitamweleza mimi mwenyewe Ijumaa baada ya swala.

Ni mimi baba yako.