Oili ya difu ya bagi ya 1/8: ijae mpaka wapi?

Difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) ya bagi ya 1/8, yaani gari dogo la rimoti, usiijaze hadi ukingoni. Mimina oili ya silikoni mpaka ifunike tu pini za msalaba zinazobeba gia ndogo, ubakize kama milimita 1 chini ya mdomo. Oili ikipata moto hutanuka, na ikikosa nafasi inajitafutia njia, ama kwenye oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za vikombe vya ekseli ama kwenye gasketi. Ndiyo maana difu iliyofungwa jana leo imelowa nje, na lawama zote zinaiangukia oringi ambayo haina kosa.

Kabla ya kufunika, zungusha gia polepole kwa mkono, iache dakika 10 hivi mapovu yapande, halafu ongezea kilichopungua. Oili ya 10,000 cSt (kipimo cha uzito wa oili, yaani ilivyo nzito) hung'ang'ania mapovu kuliko ya 3,000, kwa hiyo ipe muda zaidi. Skrubu za kifuniko kaza kwa kukingamisha, kidogo kidogo. Ukiimaliza moja kabisa kwanza, kifuniko kinakaa upande na gasketi inapinda.

Jicho hudanganya, hasa oili ikiwa haina rangi. Mizani ya gramu ni bora: pima difu ikiwa kavu, pima ikishajazwa, andika tofauti, kisha rudia uzito huohuo kila unapoifungua.

Ila angalia chupa: namba za cSt na za WT (kipimo kingine cha uzito wa oili) si kipimo kimoja, na WT hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Ukizichanganya namba hizo, difu itakaza au kulegea kuliko ulivyotaka hata kama ujazo ni sahihi.