Mapumziko ya kiroho wakati wa baridi: niliyojifunza kwa kukosea

Mwenzetu ameuliza iwapo majira ya baridi yanaweza kweli kuwa msimu wa kupumzisha roho na kujitafakari, au kama hayo ni maneno ya kujifariji ya watu waliofungiwa ndani na giza. Ninamjibu kwa niliyoyapitia, kwa kuwa nimeishi miaka mingi kaskazini, kwenye latitudo ya nyuzi 60 hivi, ambako siku iliyo fupi kuliko zote, tarehe 21 au 22 Desemba, haifikishi saa 6 za jua.

Miaka ya mwanzo niliiharibu mwenyewe. Nilijipangia kuamka alfajiri, kusoma kurasa kadhaa za maandiko, kufunga siku mbili kwa wiki na kuandika tafakuri kila usiku, kisha nikawa ninatia alama kwenye kila nililolitimiza kama karani wa ghala anayehesabu magunia. Kufikia katikati ya Januari nilikuwa nimechoka kuliko wakati wa kiangazi, na sala yenyewe ilikuwa imegeuka zamu ya kazi.

Aliyenizindua ni mzee mmoja mtunza bustani, ambaye hakuwa mtu wa dini hata kidogo. Alinionyesha mtufaha uliopukutika majani, akaniambia nipapase ncha za matawi, nami nikakuta vichipukizi vidogo vilivyofumba. Alinieleza kwamba vile huundwa tangu kiangazi, mti ukiwa bado na majani, na kwamba vinahitaji mamia ya saa za baridi ili usingizi wao uishe. Mti ukikosa baridi ya kutosha, huchanua kwa shida na bila mpangilio. Basi kumbe nilikuwa ninajilazimisha kuzaa katika msimu ambao kilichopaswa kuzaliwa kilikuwa tayari kimefungwa ndani, kikisubiri.

Nilipoyarudia mafundisho ya dini nilikuta jambo nililokuwa nimeliruka. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inawaachia watawa walale zaidi ya nusu ya usiku kuanzia tarehe 1 Novemba hadi Pasaka, ndipo waamke kusali. Katika Uislamu nako baridi huitwa majira ya machipuko ya muumini, na wanazuoni hueleza kwamba usiku wake mrefu humwezesha mtu kuupa mwili haki yake ya usingizi na bado akasimama kwa ibada, huku mchana mfupi ukimrahisishia saumu. Mimi nilikuwa nimechukua ibada, nikauacha usingizi.

Siku hizi ninafanya machache. Jua likizama ninakaa bila kuwasha taa mpaka giza liingie kabisa, simu ikiwa chumba kingine, na msimu mzima ninabeba swali moja tu. Mwaka mmoja nilijiuliza kwa nini nilikuwa sijamsamehe ndugu yangu. Jibu lilikuja Februari, wala halikunipendeza: hasira ilikuwa ndiyo kitu pekee kilichosalia kati yetu, nami niliogopa kwamba nikiiachia nisingebaki na chochote chake. Sidhani kama ningelifikia jibu hilo kwa wiki moja ya mafungo.

Hata hivyo, si kila ukimya wa baridi ni tafakuri. Upo unyong'onyevu wa msimu, ambao madaktari waliueleza rasmi mwaka 1984 na ambao una tiba. Anayepoteza hamu ya kila kitu kwa wiki mbili mfululizo, au anayelala mno na bado akaamka amechoka, aende hospitali kabla ya kwenda kwa kiongozi wake wa dini. Msimu mmoja kile nilichokiita unyenyekevu kilikuwa ugonjwa. Daktari alinishauri nikae mbele ya taa yenye mwanga mkali kwa nusu saa kila asubuhi. Taa hiyo ninaitumia hadi leo, na jioni bado ninakaa gizani.